Bluu Midomoni mwa Mtoto

Neno bluu lilinikuta nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimeshaoza binti na nimeshapokea mkamwana. Mama yangu alikufa bila kulihitaji. Kwetu Usukumani rangi zenyewe hasa ni nyeupe, nyeusi na nyekundu, na zilizobaki tunazitafuta kwenye ngozi ya ng'ombe: huyu wa madoa, huyu wa rangi ya majivu, huyu mwenye tumbo jeupe. Ng'ombe wa bluu hajazaliwa bado, kwa hiyo hatukuona tumepungukiwa na kitu. Mbingu mama aliiita nyeusi ikibeba mvua, na ikitunyima aliiita nyeupe. Kaniki tulizovaa, wauzaji walisema ni bluu iliyoiva mno. Sisi tulisema ni nyeusi, tukazivaa, tukazikana nazo.

Tena bluu ilipokuja haikuja kama rangi. Ilikuja kama kitu cha kushika. Ilikuwa dawa ya kufulia nguo nyeupe, unaifunga kwenye kitambaa, unaizungusha kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia, shuka inatoka haina umanjano. Miaka ile ya uhaba hata sabuni tulikuwa hatuioni, tulifulia majivu, nani angeulizia bluu? Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka ya Bariadi yakajaa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia vijijini na malori yao, kila mmoja na mzani wake, wanamgombania mkulima kama wachumba. Na bluu ikarudi, sasa ikiwa unga ndani ya vipakiti vyenye picha ya mwanamke wa Kizungu anayecheka na nguo zake.

Wanawake tukaipa kazi nyingi. Tuliitia kwenye chokaa tukapaka nyumba. Tulipaka vifaranga mgongoni, mwewe akija aone kitu asichokijua aondoke. Watoto wa shule wakaambiwa sketi ni za bluu, basi sketi iliyopauka ikachovywa humohumo. Vijana waliotoka mjini nikawasikia wanataja picha za bluu. Nikauliza ni picha za nini. Wakatazama chini, mmoja akaanza kukohoa, nami nikajua ni upuuzi.

Siku hizi nina mjukuu anayesoma vitabu vikubwa, na yeye ndiye anayeniandikia vizuri haya ninayomsimulia. Ameniambia Waingereza nao neno hilo si lao, waliliokota kwa Wafaransa, na Wafaransa nao waliliokota kwa watu wengine wa huko kwenye baridi. Halafu akaniambia Mwingereza akiwa na huzuni husema yuko bluu. Nikamwambia wamekosea. Bluu ni hofu. Akacheka. Hakuwepo.

Mwaka huo ninaousema tulikuwa tunaishi upande wa Migato, tunalima pamba na mtama, na mwanangu alikuwa amekwenda na ng'ombe kutafuta malisho. Aliniachia mke wake na mtoto wao mchanga, msichana, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa bila kuegemezwa. Kabla yake walikuwa wamemzika mwingine, mvulana, hata jina halijamkaa vizuri. Kwa hiyo yule msichana alikuwa haguswi na upepo. Mama yake alilala amemshika mguu.

Akapata vidonda mdomoni. Utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu, ananyonya analia. Kwenye zahanati walikuwa wanatupatia dawa moja ya maji, ya rangi iliyokolea, unachovya kijiti unapaka mdomoni, mtoto anakuwa kama amekunywa wino. Tulikuwa tunaijua. Siku ile ikawa imekwisha. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyekuwa akikaa boma la pili, akasema, "Mnahangaika nini? Rangi ni ileile, dawa ni ileile. Bluu si ipo?"

"Ile ni ya nguo, wifi."

"Na ile ya zahanati wanaichota wapi? Wanaikoroga hivihivi. Wewe kila kitu unataka kiandikwe na daktari, na kusoma hujui."

Hakuwa peke yake. Kijiji kizima kilikuwa kinafanya hivyo, watoto walikuwa wanatembea na midomo ya bluu kama wametumwa. Mkamwana akamshika mtoto, wifi akakoroga unga kidogo kwenye kifuniko, akapaka midomo, ulimi, fizi, mpaka karibu na pua. Alikuwa na mkono mzito. Mtoto akatema mate ya bluu kifuani kwake, wifi akasema kwa utani wa bibi na mjukuu, "Nitemee tu, mke mwenza, nguo ni yangu."

Usiku ule mtoto alianza kukohoa. Kulipokucha alikuwa hataki ziwa. Mimi nilikuwa ninatandaza pamba juani tuikaushe kabla ya kupima, nikasikia sauti kama mbuzi anayesukuma kuzaa. Ni yeye. Kila akitoa pumzi anaguna. Nikamfunua kanga. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani, pale chini ya kifua panabonyea kana kwamba kuna mtu anapavuta kwa kamba kutoka mgongoni. Yule mvulana waliyemzika nilikuwa nimemwona anapumua hivyo. Mama yake pia alikuwa amemwona. Tulitazamana.

Wifi akaja akasema ni meno ya plastiki yamemwota kwenye fizi, kuna mzee anayejua kuyatoa, ni kuvuka mto tu. Nikamwambia, "Mtu akigusa fizi za mtoto huyu leo nitamvunja mkono." Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua.  Alikuwa mtu wa maneno, lakini siku hiyo aligeuka akarudi bomani kwake.

Gari la abiria lilikuwa halipiti mpaka siku ya mnada. Baiskeli ingetutupa chini kwenye ile barabara. Lakini penye kituo cha kununulia pamba kulikuwa na lori la mnunuzi mmoja, limeshapakia magunia, linaelekea Bariadi kwenye kiwanda cha kuchambulia. Tulifika tunakimbia, injini inanguruma. Nikasimama mbele yake.

Dereva akatoa kichwa, akaniamkia kwa Kisukuma kama mama yake. "Mwangaluka mayu. Ondoka njiani, nitakugonga."

"Mwangaluka. Nina mgonjwa."

"Hili ni la pamba, mama. Bosi amekataza watu."

"Basi tuweke kwenye mzani, utupime, uandike sisi ni pamba."

Wanaume waliokuwa wakipakia wakacheka. Mmoja akasema, "Mayu, wewe ni daraja la pili, una majani." Sikucheka. Nikamfunua mtoto, nikamwinua dereva amwone. Alicheka kidogo na wao, halafu akamtazama, akasikia ule mguno, akaacha. Akasema, "Pandeni juu. Shikeni kamba."

Kwa hiyo tulikwenda Bariadi juu ya pamba. Watu wanadhani pamba ni laini. Gunia la pamba lililoshindiliwa ni gumu kama kichuguu, na juu ya lori unarushwa hadi meno yanagongana. Vumbi lilikuwa linatufuata, kisha gari likipunguza mwendo linatupita. Mkamwana alikaa katikati ya magunia mawili, amemfunika mtoto kitenge. Mimi nilikuwa nimemzungushia mkono yeye, na mkono mwingine kwenye kamba. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Injini ilikuwa inapiga kelele, sisikii pumzi, basi kila mara naingiza mkono chini ya kitenge nahisi kifua. Kinakwenda. Naondoa. Naingiza tena.

Gunia moja lilikuwa limepasuka, pamba imemwagika. Mkamwana akamlaza mtoto kichwa pale apate pa kuegemea. Ndipo nikamwona vizuri. Pamba nyeupe pande zote, na katikati yake ule mdomo wa bluu ya wifi yangu, umekolea, wazi, unatafuta hewa. Nilijiambia, ni bluu tu. Ni ile ya kufulia. Nilijiambia hivyo njia nzima, na kila nilipojiambia nilipata nafuu.

Tulipofika kijiji cha mbele lori likasimama. Kulikuwa na magunia mengine ya kupakia. Wapakiaji hawana haraka, mmoja anatafuta kiatu chake. Nikaanza kupiga bati la juu ya dereva kwa ngumi.

"Mama! Unataka kunivunjia gari?"

"Nitalivunja."

"Pamba hii nikiiacha mnunuzi mwingine ataichukua. Lori la wenzetu liko nyuma yetu hapo!"

"Achukue! Pamba itaota tena mwakani!"

Akashuka, akapanda juu ya gurudumu, akamtazama mtoto tena.  Alirudi ndani akaondoa gari, na wale wapakiaji wakabaki wanapunga mikono na kutukana. Sijui bosi wake alimfanya nini. Sikuwahi kumwona tena, na hata asante sikuisema, alitushusha Somanda, mle mjini Bariadi, karibu na hospitali tukakimbia.

Hospitalini palikuwa na benchi refu limejaa kina mama na watoto wao. Tukakaa mwisho. Ndivyo tulivyofundishwa, ukifika unakaa mwisho.  Nesi akapita na beseni, mwanamke mnene mwenye haraka, akatupita, akasimama, akarudi nyuma. Alikuwa amemwona mtoto usoni. Aliweka beseni chini palepale sakafuni.

"Huyu mtoto amekuwa bluu tangu saa ngapi?"

Hapo ndipo nilipomwonea huruma kwa kutojua. Nikamwambia, "Usiogope, mama. Hiyo ni bluu ya kufulia. Tumempaka ana vidonda. Kinachomsumbua ni kifua."

Wanawake kwenye benchi wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Hata wangu nimempaka, mtazame, kama kifaranga!" Mwingine akasema, "Nesi katoka mjini huyu, hajatuzoea." Na mimi nikacheka. Kicheko kilinitoka kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kulikuwa na jambo nililolijua mimi.

Nesi hakucheka wala hakukasirika. Alichukua pamba kidogo, akailowesha, akamfuta mtoto mdomo. Pamba ikawa bluu. Nikasema, "Umeona?" Akaitupa, akachukua nyingine. Ikawa bluu hafifu. Akachukua nyingine tena, akafuta polepole, mdomo wa juu, mdomo wa chini, kwenye kona.

Ile pamba ilitoka nyeupe.

Midomo ilikuwa bado bluu.

 Si bluu ya wifi yangu. Ile ilikuwa inang'aa, hii ilikuwa imekufa, rangi ya zambarau lililoanguka likakanyagwa, na ilikuwa inatoka ndani. Huwezi kuifuta kwa sababu haipo juu. Nesi akamshika mtoto mkono, akanyoosha vidole vyake vidogo kwenye mwanga wa dirisha.

"Na kucha, mama? Kucha mmepaka?"

"Hatukupaka," nikasema.

Akamnyakua mtoto kutoka mikononi mwa mama yake na kukimbia. Nesi mnene, sikujua anaweza kukimbia vile. Mkamwana akamfuata anapiga kelele.  Nilibaki nimesimama, nimekanyaga kile kipande cha pamba, na yule mama aliyesema kifaranga alikuwa anamfuta mwanawe mdomo kwa kanga, kwa nguvu, mtoto analia.

Nilipofika wodini walikuwa wameshamchoma sindano. Walikuwa wamemwekea mpira puani, unatoka kwenye mtungi mrefu wa hewa. Nesi akatuambia ni nimonia, imeshika mapafu pande zote. Nikamuuliza, "Ile bluu ni nini?" Akasema damu ikikosa hewa inageuka hivyo, inaanzia midomoni na kwenye kucha. Kwa mtoto mweusi unaichungulia hapo hapo, na hapo ndipo tulipokuwa tumempaka. Alisema bila kutugombeza. Ningeona afadhali angetugombeza.

Mkamwana akauliza, "Atapona?"

Nesi akasema, "Tunamtazama." Halafu akanigeukia mimi, labda kwa sababu mimi sikuwa nalia. "Mama, nina wagonjwa wengine. Wewe kaa hapa uangalie kucha zake. Zikirudi kuwa na wekundu, vizuri. Zikizidi kuwa bluu, niite. Usingoje, piga kelele tu."

Basi nikapewa kazi hiyo, mimi niliyezaliwa na rangi tatu.

Nilishika mkono wa mtoto. Ulikuwa wa baridi. Kucha zake zilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Nilitazama nikaona nyeusi. Nikatazama tena nikaona bluu. Nikaweka kidole changu pembeni, lakini kucha zangu za jembe hazina rangi ya kueleweka, zimejaa udongo. Nikamwambia mkamwana, "Lete mkono wako." Akaleta. Kucha za mkamwana zilikuwa na wekundu chini yake. Za mtoto hazina. Hapo nikaelewa ninatafuta nini, na nilipoelewa nikaogopa zaidi, kwa sababu sasa ningeiona ikija.

Nitasema jinsi ilivyokuwa, sitapunguza. Ukuta wa wodi ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta nusu ya chini, ya bluu. Shuka ya kitanda cha jirani bluu. Kitenge cha mkamwana kilikuwa na maua, nayo bluu. Kila nilipogeuza macho nikayarudisha kwenye kucha, nilikuwa nimeichukua ile rangi ukutani nimeileta juu ya mtoto. Mara mbili nilipiga kelele. Nesi alikuja mbio, akatazama, akasema, "Bado yuko vilevile, mama. Endelea." Mara ya pili mgonjwa mmoja akanung'unika kwamba kuna bibi anatisha watu. Niliona aibu, lakini nilijua hata mara ya tatu nitapiga.

Mwishowe nilitoa kitambaa changu cha kichwa, kilikuwa cheupe, nikakitandika kwenye paja na kulaza mkono wa mtoto juu yake, nikaugeuzia ukuta mgongo. Hapo macho yakatulia kidogo. Mkamwana akanong'ona, "Mayu, unaona nini?"

"Naona kucha."

"Za rangi gani?"

"Nyamaza kwanza, ng'wanawane, mwanangu."

"Mayu, usinifiche. Yule wa kwanza mlinificha."

Kweli, tulimficha. Tulimwambia kuwa mvulana amelala. Kwa hiyo nikamwambia, "Bado bluu." Akaweka mkono mdomoni akauma kiganja. Hakulia kwa sauti. Nilimpenda siku hiyo kuliko nilivyowahi kumpenda tangu aje kwetu na ng'ombe wa mahari wakatoka.

Jua likahama dirisha. Walimchoma sindano nyingine. Ule mguno ukapungua, na hiyo ikanitisha kuliko mguno wenyewe, maana hata yule mvulana aliacha kuguna. Nikaweka sikio kifuani. Moyo ulikuwa unakwenda kama unafukuzwa. Nikarudi kwenye kucha. Kidole gumba. Niliona kitu pale kwenye mzizi wa kucha, kama mtu amegusa na uji wa mtama mwekundu, kidogo sana. Sikusema. Nilidhani ni macho yangu, nimechoka, nataka kukiona ndiyo maana nakiona. Nikafumba macho nikahesabu ng'ombe wa baba yangu kwa rangi zao, wale niliowachunga utotoni, nikafungua. Kilikuwepo. Kilikuwa kimepanda.

Nikamwita nesi, si kwa kelele safari hii. Alikuja, akashika kidole, akakibonyeza, akaachia, akatazama damu inavyorudi. Akafunua mdomo wa chini. Akasema, "Enhe." Ni hilo tu alilolisema. Mtoto akafungua macho, akaona uso asioujua, akashika ule mpira wa puani akauvuta, na alipozuiliwa akalia. Alilia kilio cha hasira, kirefu, chenye kikohozi ndani yake, na wodi nzima ikageuka. Nesi akasema, "Haya. Huyu sasa ana pumzi ya kugombana."

"Amepona?" mkamwana akauliza.

"Bado. Lakini mpe ziwa tuone."

Mkamwana alimchukua pamoja na mpira wake, akafungua blauzi, nami nikamsaidia kifungo. Mtoto akalishika, akaliachia akapumua, akalishika tena. Mimi nilikuwa bado nimeshika vidole vyake, nimevigeuzia kwenye mwanga uliobaki.

Mkamwana akasema, "Mayu, mwachie mkono sasa, anyonye."

Nikamwambia, "Anyonye tu. Ananyonya kwa mdomo."

Sikuuachia.